Anza na maji, mipaka baadaye: mwongozo kamili wa kuutumia uelewa wa bonde katika mpango wa ardhi wa kijiji

Pale Ng'iriama, mwishoni mwa ardhioevu ya Ihefu katika bonde la Usangu, kusini magharibi mwa Tanzania, kuna mwamba uliolala kukatiza mto. Maji yanayoshuka kutoka safu za Kipengere na Poroto, yakipita mashamba ya mpunga ya Mbarali, hukusanyika nyuma ya mwamba huo kama uji ndani ya bakuli. Yakizidi ukingo wa bakuli, yanamwagika na Mto Ruaha Mkuu unaendelea na safari yake kuelekea Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, bwawa la Mtera, Kidatu, na hatimaye Rufiji. Yakishuka chini ya ukingo, mto unakatika. Haupungui, unakatika. Tangu mwaka 1993 umekuwa ukikatika wakati wa kiangazi, na viboko wa hifadhini hujibana kwenye madimbwi ya tope wakisubiri mvua.

Naanza na mwamba huo kwa sababu unaonyesha jambo ambalo mipango mingi ya matumizi ya ardhi inalikosa. Hakuna kijiji hata kimoja chenye ramani inayoonyesha Ng'iriama, banio la mpunga la juu kabisa (kizuizi kinachoelekeza maji ya mto kwenye mfereji) na chemchemi ya Makete kwa pamoja. Kila kijiji kinaishia kwenye alama zake za mpaka, lakini maji hayaishii hapo. Ikolojia ya ukanda ni hiyo tu: kuliangalia eneo zima linalounganishwa na maji, udongo, uoto, mifugo na wanyamapori, kisha kuuliza kijiji chako kimekaa wapi ndani yake na kinafanya kazi gani.

Mwongozo huu ni wa wajumbe wa halmashauri ya kijiji, kamati za mazingira, maafisa wa wilaya na vijana wa mashirika wanaosaidia mipango. Tume ya Taifa ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ina utaratibu wake wa hatua sita, kuanzia maandalizi wilayani hadi usimamizi wa kina. Sina nia ya kuuondoa. Ninayoyaeleza hapa yanaingia ndani yake, hasa kabla rangi ya kwanza haijapakwa kwenye ramani. Mifano nimeichukua Usangu, ila njia yenyewe inafaa Pangani, Wami, Kilombero au popote pale.

Hatua ya 1: Chora bonde kabla ya kuchora kijiji

Tafuta ramani ya mwinuko ya kipimo cha 1:50,000 ya eneo lako. Tafuta mto au kijito kikubwa kinachopita kijijini, ufuate kurudi juu. Mistari ya mwinuko inapokata mto hujikunja kama herufi V, na ncha ya V huelekea kule mto unakotoka. Inapopita mgongo wa kilima hujikunja kinyume chake. Weka penseli kwenye migongo hiyo, unganisha mmoja hadi mwingine, mpaka uzunguke vijito vyote vinavyomwaga kwenye mto wako. Ulichozungushia ndicho kidakio chako. Sasa juu yake chora mpaka wa kijiji kwa rangi nyingine.

Karibu kila mara utaona mambo mawili. La kwanza, sehemu kubwa ya maji yenu inatoka nje ya kijiji. La pili, mpaka wa kijiji umepita katikati ya mto, kwa hiyo ng'ambo ya pili kuna watu wanaotumia maji yaleyale kwa mpango mwingine, au bila mpango wowote.

Asiye na ramani ya karatasi atumie picha za setilaiti. Picha za Landsat zipo tangu mwaka 1972, na za Sentinel-2 tangu 2015. Zote ni za bure, na programu ya QGIS ya kuzifungulia ni ya bure pia. Ushauri wangu: usichukue picha moja. Chukua ya Februari na ya Oktoba za mwaka uleule, uziweke pamoja. Februari Usangu inameta maji na majani. Oktoba utaona mistari michache tu ya kijani, na mistari hiyo ndiyo inayokuonyesha maji ya kiangazi yanakokwenda.

Hatua ya 2: Tembea kutoka juu hadi chini

Ramani peke yake hudanganya. Unahitaji siku mbili au tatu za miguu na pikipiki, ukiwa na mzee anayejua majina ya mahali, mama anayechota maji, mfugaji, mkulima wa bustani na mtu mwenye GPS au simu inayorekodi njia. Anzeni mahali pa juu kabisa mnapoweza kufika, mshuke. Kila mandhari inapobadilika simameni, mwandike: udongo gani, miti gani, nani analima, maji yako wapi, yanatoka wapi.

Ukishuka Usangu utavuka kanda nne. Juu, kwenye nyanda za baridi za Makete na Wanging'ombe, mvua ni nyingi, kuna viazi, misitu ya kupandwa, na vinyungu, yaani bustani za kiangazi, kwenye mabonde madogo yenye unyevu. Huko ndiko mto unakozaliwa. Mkaratusi ukipandwa kwenye chemchemi unanyonya kile ambacho mtu wa chini anakisubiri. Mivengi na mizambarau ya asili inaishi na maji bila kuyamaliza. Kisha unafika kwenye miteremko ya chini ya milima, mahali mito ya Chimala, Kimani na Mbarali inapotoka kwenye mawe na kutandaza mchanga na tope zuri. Hapo ndipo mabanio yamejaa, maana ardhi ina mteremko wa kutosha kupeleka maji kwenye mfereji bila pampu. Chini yake ni tambarare ya udongo mweusi wa mbuga, unaopasuka nyufa kiangazi na kunata kama gundi masika, malisho bora kwa miezi kadhaa. Mwisho kabisa ni Ihefu yenyewe: matete, kambale, ndege, na ule mwamba.

Kila kanda ina kazi yake. Ya juu hutunza maji na kuyaachia taratibu, ya pili huyagawa, ya tatu hupokea mafuriko na kulisha mifugo, ya nne huhifadhi na kuachia mto wa chini. Jiulizeni kijiji chenu kiko kanda ipi. Mpango wa kijiji cha Makete ukiiga mpango wa kijiji cha mbugani, hata ukipigwa mihuri yote, utafeli.

Hatua ya 3: Tengeneza kalenda ya mwaka mzima

Wilaya moja nilishiriki mpango ambao kikao chake kikuu kilifanyika Septemba. Tulisimama juu ya tambarare kavu, pana, isiyo na shamba hata moja, tukaitenga kuwa malisho. Kila mtu alifurahi. Februari iliyofuata eneo lile lilikuwa chini ya maji hadi magotini, na ng'ombe wote walikuwa wamesogezwa kwenye kingo za mto, ndani ya mashamba ya watu. Wazee walikuwa wanajua. Hatukuwauliza, na wao walidhani wataalamu wana sababu zao. Kosa hilo bado linaniuma, ndiyo maana hatua hii naisisitiza.

Chukueni karatasi ndefu ya manila, gawanyeni miezi 12. Mstari wa kwanza, mvua. Wa pili, kina cha mto, kwa maneno ya watu wenyewe: unavukika kwa miguu, unavukika kwa mtumbwi, hauvukiki. Wa tatu, kazi za shamba. Usangu vitalu vya mpunga huanza karibu na Novemba, kupandikiza Januari na Februari, kuvuna Mei na Juni. Wa nne, mifugo iko wapi kila mwezi. Wa tano, uvuvi. Wa sita, wanyamapori wanapoonekana karibu na mashamba. Wa saba, moto. Wa nane, ugomvi: ni mwezi gani kesi nyingi zaidi hufika kwenye baraza la ardhi la kijiji.

Mstari wa nane ndio unaosema kweli. Soma kalenda kwenda juu kutoka kwenye mwezi wa ugomvi. Mara nyingi utakuta Oktoba na Novemba: mto uko chini kabisa, na wakati huohuo wakulima wa juu wameanza kufungulia maji ili wawahi vitalu. Mkilima ekari chache za vitalu vya pamoja badala ya kila mtu kulowesha shamba lake mapema, mgogoro unapungua kabla ya kutunga sheria yoyote.

Hatua ya 4: Pima mto

Hatua hii watu huiruka wakidhani ni ya wahandisi. Si kweli. Mnahitaji kamba, fimbo iliyowekwa alama kila sentimita 10, saa ya simu, na chungwa au ndimu. Chungwa linafaa kuliko kipande cha kijiti kwa sababu linazama karibu lote, upepo haulisukumi.

Chagueni sehemu ya mto iliyonyooka, isiyo na mawe makubwa. Vuteni kamba kutoka ukingo hadi ukingo. Tuseme upana ni mita 6. Pimeni kina kila baada ya mita 1: sentimita 20, 40, 60, 50, 30. Jumlisheni kwa mita: 0.2 + 0.4 + 0.6 + 0.5 + 0.3 = 2.0. Kwa kuwa vipimo vinaachana mita 1, eneo la maji mahali hapo ni mita za mraba 2.0.

Sasa pimeni mita 20 kufuata mto, mmoja asimame juu, mwingine chini. Tupeni chungwa katikati, hesabuni sekunde. Rudieni mara tano, mara katikati, mara pembeni, mchukue wastani. Tuseme ni sekunde 40. Kasi ni 20 ÷ 40 = mita 0.5 kwa sekunde. Maji ya juu hukimbia kuliko ya chini, kwa hiyo zidisheni kwa 0.85: inabaki mita 0.425. Zidisheni kwa eneo: 0.425 × 2.0 = 0.85. Yaani mita za ujazo 0.85 kwa sekunde, sawa na lita 850 kila sekunde.

Nimeona vyumba vya mkutano vikinyamaza namba hii inapoandikwa ubaoni. Mpunga kwa kawaida huhitaji kati ya lita 1 na 2 kwa sekunde kwa kila hekta. Lita 850 zinatosha hekta 425 hadi 850, na hapo mmechukua mto wote, hamjamwachia jirani, samaki wala Ihefu hata tone. Kama skimu yenu ina hekta 1,200 kwenye karatasi, mjadala umeshapata msingi wake.

Pimeni juu ya banio na chini ya banio. Pimeni pia mfereji mkuu mwezi Agosti, baada ya mavuno. Mara nyingi utakuta mfereji unaendelea kupitisha maji ingawa hakuna mpunga shambani, kwa sababu kaya za kandokando zinachota humo. Fanyeni hesabu: mfereji wa lita 20 kwa sekunde unapitisha lita 1,728,000 kwa siku. Kaya ya watu 6, kila mmoja akitumia lita 30, inahitaji lita 180. Maji hayo yangetosha kaya 9,600, ilhali wanaoyachota pengine hawafiki 100. Mengine yote yanapotelea ardhini na hewani. Kisima kirefu kimoja au viwili, na banio linafungwa kiangazi bila mama yeyote kukosa maji ya kupikia.

Vipimo hubadili pia nani analaumiwa. Kwa miaka mingi lawama za kukauka kwa Ruaha zilielekezwa kwa wafugaji, na mwaka 2006 na 2007 maelfu yao waliondolewa Usangu pamoja na ng'ombe. Mwaka 2008 Pori la Akiba la Usangu likaingizwa kwenye Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Mto uliendelea kukatika. Watafiti waliopima maji walikuwa wameshaonyesha kwamba tatizo kubwa la kiangazi ni maji yanayochepushwa juu ya Ihefu. Ng'ombe wengi huharibu kingo na malisho, hilo nalijua, lakini mpango unaoanza kwa kutafuta mkosaji kabla ya kupima humwumiza mtu na mto unabaki vilevile.

Hatua ya 5: Njia za mifugo na wanyama

Mwambieni mfugaji achore njia yake ya mwaka, si mahali boma lilipo tu. Mwulizeni ananyweshea wapi, anapita wapi mpunga ukiwa shambani, josho liko wapi. Fanyeni hivyohivyo kwa tembo na nyati: walipita wapi miaka 20 iliyopita, wanapita wapi leo. Njia ya wanyama iliyofungwa na shamba jipya haifi, inahamia kwenye shamba la jirani. Kama ushoroba, yaani njia hiyo ya wanyama, umeshatambuliwa rasmi, wilaya ina wajibu nao kwa kanuni za shoroba za wanyamapori za mwaka 2018. Ulizeni mapema kabla hamjagawa viwanja.

Hatua ya 6: Ramani ya chini, kisha ya karatasi

Safisheni uwanja chini ya mti. Majivu yawe mipaka, majani mabichi msitu, mchanga mweupe mito, punje za mahindi makazi, vijiti njia za ng'ombe. Wanawake wachore yao, wanaume yao, vijana yao, kisha mzilinganishe. Ramani ya wanawake karibu daima ina visima na vichaka vya kuni ambavyo ya wanaume haina. Pigeni picha kutoka juu ya mti au dari kabla upepo haujavuruga.

Sasa ndipo mnagawa, kwa mpangilio huu, na naomba msiupindue.

Kwanza tengeni kile kisichoweza kuhamishwa: chemchemi, kingo za mito, maeneo ya mafuriko, shoroba. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Na. 20 ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye kingo za mito na mabwawa. Kubalianeni na ofisi ya bodi ya maji ya bonde lenu mahali pa kuanzia kupima, maana ukingo wa Februari si ukingo wa Oktoba. Acheni wazi njia chache za mifugo kufika majini, pana na zenye alama, la sivyo kila mita ya ukingo itageuka njia.

Pili, malisho ya misimu miwili: ya masika mahali pa juu pasipofurika, ya kiangazi mbugani. Malisho yasiyo na maji ni jina tu, kwa hiyo chimbeni lambo kabla ya kuzuia mto. Tatu, kilimo, kwa kadiri ya maji mliyoyapima. Nne, makazi na huduma, nje ya njia ya mafuriko. Mwisho, akiba ya watoto wenu. Vijiji vingi huanza na makazi na kilimo, vikafika kwenye mto pakiwa hapajabaki kitu.

Hatua ya 7: Kaa na walio juu na walio chini

Ardhi mmeshaigawa, maji bado. Tanzania ina mabonde tisa ya maji, na kila moja lina bodi yake. Ya Rufiji, inayosimamia Usangu, ofisi zake ziko Iringa. Kwa Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya mwaka 2009, anayechepusha maji kwa umwagiliaji anahitaji kibali, na watumiaji wa mto mmoja wanaweza kuunda jumuiya ya watumia maji. Jiungeni nayo au iundeni. Pelekeni vipimo vyenu vya chungwa: bodi ina watu wachache na mito mingi, kijiji chenye daftari la vipimo kinasikilizwa.

Makubaliano ya zamu yawe rahisi kiasi kwamba mtu asiyesoma anaweza kuyakagua kwa macho. "Banio litapitisha asilimia 40" hakuna anayeweza kuhakiki. "Maji yasishuke chini ya mstari mwekundu uliopakwa kwenye nguzo" kila mpita njia anaona. Bora zaidi ni banio lililojengwa kugawa maji kwa sehemu, ili mto ukipungua pande zote mbili zipungue pamoja, badala ya lile linaloweza kufunga mto mzima.

Kwa malisho, Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inaruhusu vijiji kuingia makubaliano ya matumizi ya pamoja. Vijiji vya Orkitikiti, Lerug na Ngapapa wilayani Kiteto viliunganisha malisho yao kwa jina la OLENGAPO, kwa sababu ng'ombe wao walikuwa wameshayaunganisha zamani. Msione haya kwenda kujifunza huko.

Hatua ya 8: Sheria ndogo na mkutano mkuu

Halmashauri ya kijiji huandaa, mkutano mkuu wa kijiji hujadili, halmashauri ya wilaya huidhinisha. Someni rasimu kwa sauti, kifungu kwa kifungu, huku ramani ikiwa ukutani. Fanyeni mkutano siku isiyo ya mnada wala ya gulio, na msiufanye wakati wa kupandikiza, la sivyo wanawake hawatakuwepo na wao ndio watakaobeba nusu ya utekelezaji. Faini iwe ndogo inayolipika. Faini kubwa isiyolipika huishia kumalizwa kando, gizani.

Hatua ya 9: Daftari

Chagueni watu wawili, mmoja wa juu ya mto na mmoja wa chini, ikiwezekana mwalimu na mlinzi wa banio. Simikeni fimbo ya chuma yenye alama mahali palepale mlipopima. Kila Jumatatu asubuhi waandike kina cha maji. Mara moja kwa mwezi wapime kwa chungwa. Waandike pia tarehe ya mvua ya kwanza, siku mto ulipokatika kama umekatika, na siku uliporudi. Daftari likae ofisi ya mtendaji, nakala shuleni.

Baada ya miaka mitatu fungueni ramani na kalenda mbele ya mkutano, mlinganishe na daftari. Mahali mpango unapopishana na mto, rekebisheni mpango. Na ile namba ya siku mto uliporudi, ipelekeni kwa kijiji cha chini yenu kila mwaka. Huko ndiko wanakoisubiri.